Mcheza Kwao Hutunzwa: Makazi ya Wachezaji Dansi katika Historia ya Kampala

Utangulizi

Methali yetu yasema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Sisi walimu tumeifundisha mara nyingi, na aghalabu tumeifafanua kwa upande wake wa maadili tu: kwamba mtu na apende kwao, kwa kuwa jasho lake hupata thamani mbele ya jamaa zake. Ni mara chache tumeitazama kwa maana yake ya kwanza, yaani maana ya ngoma. Katika ngoma za pwani, kumtunza mchezaji, au kumtuza, ni kumpa zawadi papo hapo uwanjani, mara nyingi fedha, kwa sababu amecheza vizuri. Neno hilo ndilo lililotupa tuzo, ambalo leo twalitumia kwa mashindano ya kila aina. Basi methali inasema jambo la hakika kabisa: zawadi hutolewa na watazamaji, na watazamaji wanaomjua mchezaji ni wale wa kwao.

Lakini je, ikiwa dansi anayoicheza mtu haikuzaliwa kwao? Ikiwa hatua zake zilipimwa katika mji wa mbali, na waamuzi wake hawajapata kuiona nchi yake, huyo mchezaji kwao ni wapi, na akae wapi ili apate kutunzwa? Makala haya yanakusudia kulitafutia jibu swali hilo kwa kuutazama mji mmoja, mji wa Kampala, na dansi moja, ile ya ukumbini inayochezwa na watu wawili wawili. Tutajaribu kuonyesha kwamba mchezaji dansi wa Kampala hakuwa akichagua nyumba tu alipochagua mahali pa kukaa. Alichagua pia serikali ya kumtawala, lugha ya jirani zake, na hakimu wa miguu yake. Na mara nyingine wakubwa walimchagulia hayo yote bila kumwuliza.

Mambo Manne

Ngoma nyingi za asili hazimdai mchezaji ahame. Uwanja ni ule ule wa kijiji, wapigaji ni jirani zake, na wanaomhukumu ni shangazi zake, shemeji zake na wazee waliokaa kando. Dansi ya ukumbini haiko hivyo. Mwenye kutaka kuicheza kwa kushindana hana budi kuyapata mambo manne kwa pamoja. La kwanza ni sakafu laini na pana, kwa sababu hatua za waltzi na za foksitroti ni za kuteleza, wala hazitelezi katika vumbi. La pili ni muziki unaoshika mwendo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. La tatu ni mwenzi, mwanamume kwa mwanamke, wa kujizoeza naye siku hata siku, kwa kuwa miili miwili inatakiwa kwenda kama mmoja. La nne ni mwamuzi anayezijua kanuni na anayekubaliwa na wote wanaoshindana.

Mambo hayo hayapatikani kila mahali, na ni nadra kuyapata yote mahali pamoja. Ndiyo sababu swali la makazi limekuwa zito kwa wachezaji wa dansi katika nchi nyingi. Anayekaa mbali na ukumbi humaliza mshahara wake katika nauli. Anayekaa karibu nao hulipa kodi ya juu au huvumilia kelele usiku kucha. Anayekaa mahali pasipo mwenzi hucheza na kivuli chake, na anayekaa mahali pasipo mwamuzi hajui kama ameendelea au amerudi nyuma.

Dansi Sanifu na Lugha Sanifu

Tuanze na mwamuzi, maana yeye ndiye aliyekuwa mbali kupita wote. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza muziki mpya wa Marekani uliingia Uingereza kwa kishindo, na kila ukumbi ukawa na namna yake ya kuucheza. Walimu wa dansi wa London waliona kwamba wasipopatana watakuwa wakifundisha vurugu. Kuanzia mwaka 1920 walikutana mara kadhaa, hata kufikia mkutano wao mkubwa wa mwaka 1929, wakaamua ni hatua zipi za waltzi, zipi za tango, zipi za foksitroti na zipi za kwikistepu, na kila moja iende kwa mwendo gani. Mwaka 1924 chama chao kimoja, Imperial Society of Teachers of Dancing, kilifungua tawi la dansi ya ukumbini, kikawa na mitihani na vyeti kama vya shule. Victor Silvester, aliyeshinda mashindano ya dunia yaliyofanyika London mwaka 1922, alitoa kitabu cha kufundishia mwaka 1927. Na tangu mwaka 1935 bendi yake ilitoa sahani za santuri ambazo mwendo wake haukutetereka hata kidogo. Katika mji wa Blackpool, kaskazini ya Uingereza, tamasha la dansi lililoanza mwaka 1920 likawa kwa wachezaji mfano wa mahali pa kuhiji.

Mwalimu wa Kiswahili hawezi kuzisoma tarehe hizo bila kukumbuka nyingine anazozijua vizuri zaidi. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili cha shule na cha vitabu. Mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ilianza kazi yake Dar es Salaam. Hivyo katika muda wa miaka miwili mitatu, dola ile ile moja ilikuwa ikisanifisha hatua za miguu kule London na maneno ya vinywa huku kwetu. Hatusemi kwamba mambo haya yalipangwa pamoja. Twasema tu kwamba tabia yake ni moja. Usanifishaji huwapa watu wa mbali njia ya kuelewana: aliyejifunza waltzi Bombay aweza kucheza na aliyejifunza Nairobi bila kukanyagana. Lakini mahali panapowekwa kanuni huwa kwao kwa wachache, na wengine wote, hata wawe hodari namna gani, huingia kama wageni.

Mashindano Hayakuwa Mageni

Yafaa ikumbukwe kwamba dansi haikuwakuta watu wa Afrika Mashariki wakiwa hawajui kushindana kwa kucheza. Katika miaka ya 1890, Lamu na Mombasa zilikwisha kuona ngoma ya beni, pamoja na magwaride yake, matarumbeta yake na vyeo vyake vya kuigiza. Baadaye vyama vya Marini na Arinoti vilienea katika miji mingi ya bara, vikigombea sifa kwa mavazi, kwa karamu na kwa uhodari wa kucheza. Ushindani ule ulitumaliza mali za watu, lakini uliwafundisha pia kujipanga, kuchanga fedha na kuweka viongozi.

Katika miaka ya 1930 vijana waliosoma shule, hasa wa Dar es Salaam na Tanga, walianza kuiona beni kuwa ya kizamani. Walianzisha klabu za dansi, wakavaa suti na tai, na wanawake wakavaa magauni marefu, wakacheza wawili wawili kwa muziki wa bendi kama ile ya Dar es Salaam Jazz. Ndipo neno dansi lilipojitenga na neno ngoma: ngoma ikawa ya uwanjani, dansi ikawa ya ukumbini, yenye mlango na kiingilio. Hata hivyo lugha yetu haikukubali kutenganisha vitenzi. Waswahili hucheza dansi kama wanavyocheza ngoma, mpira na karata. Kwa kitenzi hicho kimoja, methali yetu inamhusu mchezaji wa waltzi sawasawa na mchezaji wa lelemama.

Vita Kuu ya Pili viliipeleka dansi mbali zaidi. Askari wa King's African Rifles kutoka Uganda, Kenya, Tanganyika na Nyasa walipigana Uhabeshi na Burma, na Kiswahili kikawa lugha yao ya pamoja. Wanamuziki kama Fundi Konde wa Kenya walitumikia jeshi kwa magitaa yao, wakiwaburudisha wenzao. Vita vilipokwisha mwaka 1945, askari waliorudi Kampala walileta vitu viwili ambavyo havikuwa na makao ya hakika katika mji ule: Kiswahili cha jeshini na hamu ya kucheza dansi.

Mji Uliogawanyika

Kampala ya siku zile ilikuwa miji miwili iliyopakana. Upande mmoja ulikuwa mji wa Waingereza, juu ya vilima vya Nakasero na Kampala ya Kale, wenye sheria zake za majenzi, leseni na usafi. Upande wa pili ulikuwa Kibuga, mji mkuu wa Kabaka, wenye kiini chake Mengo. Kwa Mapatano ya mwaka 1900 Kibuga kilibaki chini ya serikali ya Buganda, na ardhi yake nyingi ilikuwa ya mailo, yaani milki ya watu binafsi. Mtu aliyehama kutoka Nakasero hadi Katwe alivuka mpaka wa serikali, ijapokuwa alitembea nusu saa tu.

Katika mji wa Waingereza dansi za ukumbini zilichezwa katika mahoteli na klabu za wakubwa, na Mwafrika aliingia humo akiwa amebeba sinia au ameshika ala ya muziki. Waasia nao walikuwa na vyama vyao. Wagoa, ambao wengi wao walikuwa makarani na watumishi wa serikali, walikuwa na nyumba ya chama chao, na dansi za jozi zilikuwa sehemu ya maisha yao tangu walikotoka. Kila taifa lilikuwa na sakafu yake, na mlango wa kila sakafu ulikuwa na bawabu.

Kibuga kilikuwa na desturi nyingine. Huko mwenye nyumba na mpangaji walipatana wenyewe, vibanda viliota karibu karibu, na biashara ya vinywaji na muziki ilipata nafasi ambayo sheria za upande wa pili hazikuipa. Wataalamu Southall na Gutkind, waliochunguza maisha ya Kisenyi na Mulago katika miaka ya 1950, walieleza jinsi vitongoji hivyo vilivyowakusanya watu wa makabila mengi, pamoja na wanawake waliojitegemea, waliokuja mjini kutafuta riziki na uhuru. Katwe, mtaa wa wafua vyuma na mafundi wa kila namna, ukawa pia mtaa wa magazeti, wa siasa na wa starehe.

Basi tukiangalia ramani, twaona kwamba dansi ya Waafrika wa Kampala iliota mpakani. Ilikuwa karibu na kazi, maana karani na fundi walifanya kazi katika mji wa Waingereza. Lakini ilikuwa nje ya mikono ya sheria za mji huo. Katika miaka ya 1960 klabu zilizovuma zilikuwa White Nile ya Katwe, Top Life na New Life za upande wa Mengo, na Suzana ya Nakulabye. Zote zilikuwa katika vitongoji vilivyozunguka mji ule wa kwanza. Kijana aliyetaka kucheza kila Jumamosi, na pengine kujizoeza katikati ya juma, alijua vizuri la kufanya: apange chumba upande wa Kibuga, hata kama chumba chenyewe kilikuwa kibovu. Sakafu na bendi vilikuwa huko.

Mashariki ya Mji na Lugha Yake

Njia ya pili ilikuwa kukaa mashariki. Huko, katika Nakawa na Naguru, serikali ya kikoloni ilijenga nyumba za Waafrika katika miaka iliyofuata vita. Nyumba zilikuwa za matofali, zimepangwa kwa safu, na kodi yake ilijulikana. Wengi wa wapangaji walitoka mbali: Wajaluo na Waluhya kutoka Kenya, na watu wa kaskazini na mashariki ya Uganda. David Parkin, aliyefanya utafiti huko katika miaka ya 1960, alionyesha jinsi wakazi hao walivyoishi kwa ujirani wa makabila mengi, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zao za kila siku. Upande wa Mengo, kinyume chake, lugha ya heshima ilikuwa Luganda.

Tofauti hii ina chanzo chake. Mwaka 1927 Gavana William Gowers alipendekeza Kiswahili kitumike katika elimu na utawala wa Uganda. Mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa alilipinga pendekezo hilo, na mashirika mengi ya Kikristo pia hayakulipenda. Waganda wengi waliogopa kwamba Kiswahili kingefungua mlango wa utawala wa walowezi kama wa Kenya. Hofu hiyo ilikuwa na maana yake. Lakini matokeo yalikuwa kwamba Kiswahili kilibaki kambini, relini, sokoni na katika nyumba za wafanyakazi wa mashariki, wala hakikupewa kiti sebuleni.

Kwa hiyo mchezaji dansi wa Kampala alikuwa na shauri gumu. Akikaa Nakawa alipata nyumba imara, jirani wa lugha moja na kodi ya kuaminika, lakini kumbi zenye majina zilikuwa upande wa pili wa mji, na kurudi usiku wa manane ilikuwa hatari na gharama. Akikaa Katwe alikuwa mlangoni pa ukumbi, lakini ikiwa si Mganda alikuwa mgeni wa lugha na mpangaji asiye na kinga. Nyumba zile za Nakawa na Naguru hazipo tena; zilibomolewa mwaka 2011, na wakazi wake walitawanyika. Mtu akienda huko leo hataweza kuipima kwa macho safari ile ya Jumamosi usiku.

Swali la Mwenzi

Katika mambo manne tuliyoyataja, mwenzi ndiye aliyeleta maneno mengi. Mchezaji wa mashindano huhitaji mwenzi mmoja, wa kukutana naye mara kwa mara, na mwenzi huyo si lazima awe mke au mume. Katika jamii zetu jambo hilo lilikuwa zito. Wazazi waliomruhusu binti kwenda shule hawakumruhusu kwenda ukumbini. Hata Makerere, ambako dansi za wanafunzi zilikuwa desturi, wanawake walianza kupokewa mwaka 1945 tu, tena wachache sana. Wanaume wengi walikuwa wamejua hatua lakini hawakuwa na wa kucheza naye.

Hakuna aliyeieleza taabu hii kwa ukali kuliko Okot p'Bitek. Shairi lake refu la Wimbo wa Lawino lilitoka kwa Kiingereza mwaka 1966, na Paul Sozigwa akalifasiri kwa Kiswahili mwaka 1975. Walimu wengi wa fasihi watakumbuka sehemu ambayo Lawino, mke wa kijijini, anaisema dansi ya kizungu anayoipenda mumewe Ocol. Malalamiko yake makubwa ni mawili. La kwanza ni kwamba watu hushikana kifuani mbele ya macho ya watu, na mtu yeyote na mke wa yeyote. La pili, ambalo wanafunzi wetu hulipita haraka, linahusu mahali. Ngoma ya Waacholi huchezwa uwanjani, hadharani, ambapo ubora na kasoro ya kila mchezaji huonekana. Dansi ya kizungu huchezwa ndani ya nyumba iliyofungwa, yenye joto na moshi.

Kwa maoni yetu, hapo Lawino anaigusa methali yetu. Anachouliza ni nani atakayemtunza mchezaji ndani ya nyumba iliyofungwa, ambamo jamaa zake hawamo. Ocol amesoma, amehama kwao kwa moyo kabla ya kuhama kwa miguu. Anataka kuhukumiwa na watu wa mbali. Okot mwenyewe hakuwa mtu wa kijiji tu. Alisoma Uingereza, na katika miaka ya 1960 aliongoza Kituo cha Utamaduni cha Uganda, chenye Jumba la Taifa la Maonyesho lililofunguliwa Kampala mwaka 1959. Alitaka ngoma za nchi ziingie katika jumba hilo, kwenye sakafu ya mji mkuu, bila kuona haya. Naye Lawino, tusisahau, haikatai dansi kwa wenyewe; anachokataa ni kulazimishwa kuiona ngoma yake kuwa ushenzi.

Rumba Mbili

Hata hivyo dansi ya jozi haikubaki mali ya Ocol peke yake. Kutoka magharibi, muziki wa Kongo ulifika Kampala kwa sahani, kwa redio na kwa wanamuziki wenyewe, hasa baada ya machafuko yaliyofuata uhuru wa Kongo wa mwaka 1960. Huo ulikuwa rumba. Neno ni lile lile linalotumiwa na waamuzi wa London, lakini kitu si kile kile. Mwaka 1947 mwalimu mmoja maarufu wa London, aliyeitwa Monsieur Pierre, alisafiri mpaka Havana ili ajifunze rumba kwa wenyewe. Kazi yake ndiyo iliyojenga rumba ya mashindano, yenye hatua zilizoandikwa na mwendo wa polepole unaohesabiwa kwa dakika. Watu wa Kongo nao waliipata Kuba kwa sahani za santuri, lakini waliichukua kama mtu anayempokea jamaa aliyepotea: wakaitia magitaa yao, lugha zao, na ile sehemu ya mwisho inayokwenda mbio ambayo hakuna kitabu cha London kinachoijua.

Mchezaji wa Kampala alipocheza rumba ya Kongo hakuhitaji mwamuzi kutoka ng'ambo. Mwendo ulibadilika katikati ya wimbo, na hodari alikuwa yule aliyebadilika pamoja nao bila kumwacha mwenzi wake. Waliomhukumu walikuwa watu waliokaa kwenye meza pembezoni mwa sakafu. Kwa njia hiyo dansi ya ukumbini, iliyokuja kama mgeni mwenye kanuni za kwao, ilipata uenyeji. Aliyetaka sifa za Blackpool hakuwa na njia ila kuhama, kwa kuwa Kampala haikuwa na shule wala waamuzi wa kumfikisha huko. Aliyetaka sifa za Katwe aliweza kukaa Katwe.

Tusifikiri kwamba kuwa na mambo yote manne mahali pamoja kulitosha. Johannesburg, katika Afrika ya Kusini, ilikuwa na kumbi, bendi, walimu na mashindano ya dansi ya ukumbini kwa Waafrika tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili, na ukumbi wa Bantu Men's Social Centre, uliofunguliwa mwaka 1924, ulijulikana sana kwa dansi hizo. Lakini chini ya sheria ya mwaka 1950 ya kugawa maeneo kwa rangi, Mwafrika hakuwa na haki ya kuchagua mtaa wa kukaa, na mwaka 1955 watu wa Sophiatown walianza kuhamishwa kwa nguvu. Huko mchezaji alikuwa na mwamuzi, sakafu na mwenzi. Alichonyimwa ni nyumba.

Waliohama, Waliofukuzwa na Waliobaki

Mwaka 1966 jeshi la serikali kuu lilishambulia ikulu ya Kabaka Mutesa wa Pili, naye akakimbilia Uingereza. Mwaka 1968 Mengo na vitongoji vyake viliunganishwa na Kampala, na mpaka ule wa zamani ukafutwa katika ramani. Mwezi Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 za kuondoka Uganda. Wagoa walifunga masanduku, na sakafu zao zikabaki tupu. Wengi wao walikwenda Uingereza na Kanada, ambako vyama vyao viliendelea kuandaa dansi za jozi. Lakini hawakuchagua kwenda huko kwa ajili ya dansi. Mtu aliyezaliwa Kampala, aliyejifunza waltzi Kampala, na aliyempata mwenzi wake Kampala, aliambiwa kwamba Kampala si kwao. Hapa methali yetu inageuka kuwa swali chungu: nani ana haki ya kusema kwa mtu ni wapi?

Wanamuziki nao walikwenda na kurudi. Charles Sonko, Mganda, alijipatia jina Nairobi, ambako studio za kurekodi zilikuwa nyingi zaidi, akifanya kazi pamoja na akina Fadhili William na Daudi Kabaka. Samba Mapangala, mzaliwa wa Kongo, aliishi Kampala katikati ya miaka ya 1970 na bendi ya Les Kinois; mwaka 1977 alihamia Nairobi, na nyimbo zake nyingi zilizopendwa baadaye aliziimba kwa Kiswahili. Kila bendi iliyohama iliwaacha wachezaji wake nyuma, maana mchezaji hufuata bendi kama nyuki anavyofuata maua, lakini si kila mchezaji awezaye kuvuka mpaka.

Wengine walibaki. Mwaka 1975, katika miaka migumu ya utawala wa Amin, Moses Matovu na wenzake waliotoka katika bendi ya Cranes waliunda bendi ya Afrigo. Bendi hiyo ilipita katika vita vya mwaka 1979, katika amri za kutotoka usiku na katika miaka ya hofu iliyofuata, ikaendelea kupiga Kampala kwa zaidi ya miaka 40. Wapenzi wake walizeeka nayo, wakawaleta watoto wao. Kama mtu anatafuta mfano wa mcheza kwao aliyetunzwa, na auchukue huo.

Hitimisho

Tumeona kwamba katika Kampala dansi ilikaa mahali ambapo sheria iliiacha ikae, ikasogea mpaka uliposogezwa, na ikawapoteza watu wake watu hao walipofukuzwa. Tumeona pia kwamba ilipata nguvu siku ilipopata waamuzi wake wenyewe, yaani watazamaji wa Katwe na Mengo. Katika mambo manne ya mchezaji, sakafu hujengwa, bendi hukodiwa, mwenzi hutafutwa. Lakini mwamuzi wa kwao hapatikani ila watu wakubali kwamba wao nao wana haki ya kusema lipi zuri.

Sisi walimu wa Kiswahili tuna sababu ya kulizingatia jambo hili. Kuanzia mwaka 1952, kwa muda wa miaka kama 10, Kamati ya Lugha ilikuwa na makao yake Makerere. Waamuzi wa Kiswahili sanifu walikaa Kampala, ilhali shule za mji huo hazikukifundisha, na wasemaji wake walikuwa Nakawa na Kisenyi, ambao hakuna aliyewauliza neno. Mwaka 1973 Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, lakini amri iliyotoka katika bunduki haikukipatia wapenzi wengi. Mwaka 2005 katiba ilikitambua kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari.

Amri hizo ni kama leseni ya ukumbi: pasipo leseni mlango haufunguliwi, lakini leseni haichezi dansi. Kiswahili cha Kampala kinahitaji sakafu yake, yaani madarasa na vitabu. Muziki wake, yaani nyimbo, tamthilia na magazeti. Wenzi wake, yaani watu wa kuzungumza nao kila siku bila woga. Kinahitaji pia waamuzi wa pale pale, wasiomcheka mtoto wa Katwe kwa sababu hasemi kama mtoto wa Unguja. Siku mtoto huyo atakapotunga shairi, na watu wa mtaa wake wakasimama kumtuza, hatutakuwa na haja ya kumwambia ahame.